Vipimo huchukuliwa kwa mwenye mwili

Barua ya wazi kwa watunzi, waongozaji na wahariri wa tamthilia za redio na televisheni mjini Bujumbura

Ndugu zangu,

Nawaandikia kutoka mtaa wa Kamenge kuhusu mke na mume ambao mnawajua kuliko mtu yeyote, maana ni ninyi mliowaumba. Majina yao hubadilika kila msimu lakini wao ni wale wale. Mume aliyaona mambo ambayo macho ya mtu hayakupaswa kuyaona, akiwa mtoto mwaka 1993 au akiwa askari kule Somalia. Usiku anaruka kitandani, mchana hasemi. Mke naye ana yake, ila hajapata wa kumuuliza, kwa kuwa nyumba nzima inamzunguka mgonjwa mmoja. Kila nikiwasha redio au televisheni nawakuta: katika michezo yetu ya Kirundi, katika filamu za Kigali, katika tamthilia za Dar es Salaam, hata katika zile za Uturuki zinazotiwa sauti za Kiswahili. Sina ugomvi na kuwapo kwao. Ugomvi wangu uko kwenye kinachofuata. Kipindi kikiisha mnafungua simu, mnatuuliza tunaonaje, halafu mnaandika sehemu ijayo kwa kufuata tulivyosema.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu hakiko mbali na soko, televisheni iko juu ya rafu ya vitambaa, na mteja anayesubiri pindo au zipu hana budi kutazama kinachoonyeshwa. Kwa hiyo maoni ya watazamaji nayasikia kabla hayajafika kwenu studio, na nawahakikishia ni machache mno. La kwanza: amwache. La pili: avumilie, ndoa ndivyo ilivyo. La tatu husemwa kwa sauti ya chini kidogo: huyo karogwa, apelekwe akaombewe. Wanaume hupenda kuongeza la nne, kwamba mwanamume halii, na anayelia mbele ya mkewe amekwisha. Matangazo ya biashara yakianza, kesi imeshaamuliwa na mshitakiwa hajaulizwa neno.

Wiki ijayo hukumu ile naiona kwenye kioo. Watu walisema amwache; basi mume anageuka mnyama ghafla, anakunywa, anapiga, anafukuzwa, nasi tunashangilia. Watu walisema avumilie; basi mke anakesha akisali, asubuhi mume anaamka mzima, wanakumbatiana, muziki unapanda. Nimeona maradhi ya miaka ishirini yakipona kati ya tangazo la sabuni na tangazo la bia. Na kama tamthilia ina mfadhili, nimegundua kitu kingine: mume hupona mradi unapokwisha.

Mtaniambia mtazamaji ndiye mwenye kauli, na kwamba bila simu nyingi hakuna msimu wa pili. Nawaelewa. Hata mimi nashona anachotaka mteja, pamoja na yale mabega ya puto ambayo kwa maoni yangu hayajawahi kumpendeza mtu. Lakini vipimo nachukua kwa mwenye mwili, sichukui kwa waliokaa kwenye benchi. Ninyi mke na mume wale mnawapima kwa walio kwenye benchi.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba nchi hii si mgeni wa michezo, na kazi yenu ina heshima yake. Wakubwa wanakumbuka mchezo wa redio wa Ninde na jinsi nyumba zilivyonyamaza saa yake ilipofika. Mwaka 1995, Bujumbura ikiwa imekatika vipande vipande mtaa kwa mtaa, ilianzishwa Studio Ijambo, na mwaka 1997 ikaanza kutoa Umubanyi Niwe Muryango, mchezo wa Marie-Louise Sibazuri kuhusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi. Fikirieni ujasiri wa jambo hilo. Nje risasi zinalia, watu wanauana kwa jina la kabila, na ndani ya redio jirani anamficha jirani yake. Mchezo ule ulidumu miaka, mamia ya vipindi, vita vikiwa bado vinaendelea, na Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 ukaukuta bado uko hewani. Mchezo wa urefu huo haulazimiki kumponya mtu kwa usiku mmoja. Unaweza kumwacha anune, arudi, akosee tena, achekeshe, anune tena, kama watu tunaoishi nao. Nadhani urefu ule ulikuwa nusu ya kazi yenyewe. Na wasikilizaji hawakupigishwa kura kama familia zile ziendelee kuwa jirani.

Najua pia kilichowapata. Mei 2015 redio za binafsi zilishambuliwa na kuchomwa, watangazaji wakatawanyika Kigali na kwingineko, na studio nyingi hazijarudi kuwa zilivyokuwa. Anayetunga mchezo Bujumbura leo anafanya kazi kwa bajeti ya nauli. Sisahau hilo ninapowalaumu.

Sasa niwakumbushe mnamwandikia nani. Kamenge ilionja damu mapema: Januari 1962, miezi michache kabla ya uhuru, viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliuawa papa hapa. Oktoba 1993 akauawa Rais Melchior Ndadaye, hajamaliza hata miezi minne madarakani, na mji ukaanza kujitenga kwa kabila. Katikati ya mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge na karibu wakazi wote wakakimbia. Kuna waliopanda milimani, kuna waliovuka kwenda Uvira. Oktoba 1996 vita vya Zaire viliwafuata Uvira, wakakimbia tena, wengi wao hadi kambi za Kigoma. Waliporudi walikuta kuta zimesimama bila mabati wala milango. Nyumba nyingi mnazopita leo mkielekea soko la Kamenge zimeezekwa mara ya pili.

Tafakarini ndoa zilizofungwa baada ya hapo. Mume alikuwa Uvira, mke alikuwa msituni Kibira na mama yake. Kila mmoja alipita njia yake, na walipokutana hawakusimuliana. Ndoa nyingi za hapa zimesimama juu ya makubaliano ambayo hayajawahi kutamkwa: usiniulize, nami sitakuuliza. Msidhani ni ndoa mbovu. Watoto wamesoma, kodi inalipwa, Jumapili wanakwenda kanisani au Ijumaa msikitini wakiwa wamependeza. Lakini mnapoonyesha mume anapiga kelele usiku, mnayafungua makubaliano hayo mbele ya watoto, mbele ya wapangaji, mbele ya jirani aliyekuja kuazima chumvi. Mara nyingi kicheko mnachokisikia hapo ni cha mtu anayetafuta pa kuweka uso wake.

Kisha ongezeni majeraha mapya. Burundi ilianza kupeleka askari Somalia mwishoni mwa mwaka 2007. Leego, Juni 2015. El Baraf, Mei 2022: vijiji hivyo vya mbali, ambako kambi za askari wetu zilivamiwa na vijana wengi hawakurudi, vinajulikana hapa kuliko tarafa kadhaa za nchi yetu wenyewe. Posho ya Somalia imejenga nyumba nzuri mitaa ya kaskazini, na katika nyumba hizo wamo wenye nyumba wasiopata usingizi ndani yake. Na huo mwaka 2015, wakati mabomu ya mkono yaliporudi kusikika Cibitoke na Ngagara, ng'ambo tu ya barabara kutoka kwetu, watu waliokuwa wameanza kusahau wakakumbushwa.

Hao ndio watazamaji wenu. Wote wanatazama, ila wanaosema ni wale wasio na cha kuficha.

Niwape kisa kimoja. Ilikuwa sehemu ambayo mume yuko mezani anakula, upepo unaubamiza mlango wa bati, naye anajitupa chini ya meza. Kibandani watu waliangua kicheko. Haikuwa kwa ubaya. Mwigizaji alianguka vibaya na sahani ya wali ikamfuata kichwani. Kijana mmoja akaiga, akaingia chini ya meza yangu ya kukatia, akatoka na nyuzi kwenye nywele. Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja anayesubiri sketi ya sare ya binti yake. Hakucheka, na wala hakuwakemea waliocheka. Kelele zilipopungua akaniambia, bila kubadili sauti:

"Fundi, kwetu mlango tumeuzungushia kitambaa kwenye kitasa. Haubamizi."

Nikamuuliza, "Tangu lini, dada?"

"Tangu tuoane."

Akaichukua sketi, akakagua pindo, akalalamika kwamba ni fupi na walimu watamrudisha mtoto, tukabishana kidogo, nikaliachia, akalipa, akaenda zake.

Katika tamthilia zote nilizotazama nikiwa nashona sijawahi kukiona kitambaa hicho. Nimeona machozi mengi. Nimeona wachungaji wenye suti, waganga wenye vibuyu, mawifi wenye maneno, daktari anayevua miwani ili aseme jambo zito. Sijawahi kuona mke na mume wanaojua kwa miaka, bila kuambizana, upande gani wa kitanda uwe karibu na mlango, redio izimwe habari zikifika wapi, fataki za mwaka mpya zikianza nani amshike nani mkono. Maisha na kiwewe yamejaa mambo madogo ya namna hiyo. Ni kazi ya mikono ya kila siku, na inapendeza kuitazama kuliko kumbatio la mwisho. Mama yule alitoa maoni ya mtazamaji bora kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na kwa vyovyote asingepiga simu studio. Angesema nini? "Naitwa fulani, napiga kutoka Kamenge, mume wangu anaogopa mlango"?

Msidhani haya ni mawazo ya fundi peke yake. Kwa majirani zetu yamepimwa. Mwaka 2004 shirika la La Benevolencija lilianza kurusha Musekeweya nchini Rwanda, mchezo wa redio wa vijiji viwili vinavyogombana, na humo ndani mapenzi ya vijana wawili wa pande hizo. Moja ya mambo ambayo mchezo uliwekewa makusudi ni kwamba mtu mwenye kiwewe si kichaa, na kwamba kuzungumza na watu wake wa karibu kunaweza kumsaidia apone. Mwanasaikolojia Mmarekani, Elizabeth Levy Paluck, aliufuatilia kwa mwaka mzima. Jamii nyingine zilisikiliza Musekeweya, nyingine zikasikiliza mchezo wa mambo ya afya, kisha akalinganisha. Alichokichapisha mwaka 2009 ningekibandika ukutani katika kila chumba mnachotungia. Imani za moyoni za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona watu wa kwao wanavyoenenda na nini kinakubalika: kuoana na watu wa upande mwingine, kusema kinyume na wenzako mbele yao, kuaminiana, kumsemesha mwenye maumivu. Mwishoni kila kundi lilipewa redio na kanda za mchezo wawe nazo. Waliosikiliza mchezo wa afya walimwachia kiongozi wao azitunze. Waliosikiliza Musekeweya walibishana kwanza, wakapanga wenyewe namna ya kuzitumia pamoja.

Kwa maana hiyo mchezo humwonyesha mtu kitu gani kinasemeka mtaani kwake bila aibu, hata pale unaposhindwa kumgeuza moyo. Sasa mkiufuata mtaa unavyosema leo, mnaurudishia mtaa kile kile, tena kwa muziki na kwa mamlaka ya redio. Mwanamume aliyekuwa anafikiri huenda angemwambia mkewe usiku huo anasikia "mwanamume halii" mara mbili: mara moja kutoka kwa jirani, mara ya pili kutoka kwenu.

Na kuhusu zile simu zenyewe, kuna habari ya Congo mashariki. Huko mtafiti huyo huyo alipima mchezo wa redio wa kupatanisha watu, ambao katika baadhi ya maeneo ulifuatiwa na kipindi cha mazungumzo kinachowahimiza wasikilizaji wajadili. Kila mmoja wetu angebashiri kwamba mjadala utaongeza faida. Matokeo ya mwaka 2010 yalikwenda kinyume. Waliopata kipindi cha mjadala walijadili zaidi kweli, lakini wakawa wazito zaidi kuwavumilia watu wa kundi wasilolipenda, wepesi zaidi kukumbuka waliyotendewa, na hawakuwa radhi sana kuwasaidia watu hao. Kule suala lilikuwa makundi, hapa ni mke na mume, najua. Hata hivyo anayefungua simu dakika mbili baada ya mtu kuanguka chini ya meza ajue amefungua kitu gani. Wa kwanza kupiga ni mwenye hasira mbichi au mwenye utani, na wa tatu kupiga anamjibu wa kwanza. Mke na mume wameshasahaulika.

Jambo moja nisieleweke vibaya. Nikiomba mume asigeuzwe mnyama, sisemi kiwewe ni kibali cha kupiga. Kamenge imejaa wanaume walioona ya 1995 na hawajawahi kuinua mkono, na wapo wanaopiga ambao hawakuona chochote zaidi ya chupa. Tamthilia inayomwambia mke "ana jeraha, mwelewe" wakati jino limeng'oka inafanya kosa kubwa kuliko ile inayomwambia amwache. Tuna sheria ya Septemba 2016 dhidi ya ukatili wa kijinsia, itajeni. Mke akiondoka, mwonyesheni alikokwenda, nani alimpokea, na mtoto alilala wapi usiku ule. Siyo kumwondoa tu kwa makofi ya watazamaji na kumsahau, kisha sehemu ijayo tunamkuta Paris akiwa na mchumba mzungu.

Na huyo mke mpeni jeraha lake mwenyewe. Hili linaniudhi kuliko yote, nalo nilisikia likisemwa na wateja wanawake walipobaki peke yao kibandani. Katika hadithi zenu mwanamume ndiye aliyeumia na mwanamke ndiye bandeji. Vita vilivyopita hapa viliwapitia wanawake kwa namna ambayo hakuna mwenye umri wangu asiyeijua na hakuna anayeitaja mezani. Kituo cha Seruka cha waliobakwa, hapa mjini, kilichoanzishwa na Madaktari Wasio na Mipaka miaka ile ya vita, hakikuanzishwa bure. Ni mke gani katika tamthilia zenu amewahi kupita pale? Na je, mume akijua baada ya miaka kumi ya ndoa, anafanya nini asubuhi inayofuata? Nani anachemsha chai? Andikeni asubuhi hiyo, mtatuweka kwenye viti.

Hospitali ya kuwatibu wenye majeraha hayo nayo iko kwetu. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, chini ya mabruda wa Kikatoliki, kimekuwapo tangu miaka ya 1980, kabla ya vita, na kimewapokea watu wa kila upande. Tunapita mbele yake kila siku, na wapo wanaolitumia jina lake kama tusi. Katika michezo yenu mtu hupelekwa pale akiwa amefungwa kamba, nyuma ya gari, watoto wakikimbilia. Mwonyesheni mmoja anayeingia kwa miguu yake. Anakaa kwenye foleni, anaitwa jina, anaelezwa dawa hii inywe umekula, urudi baada ya wiki mbili. Anatoka. Anapanda basi, anagombana na kondakta kuhusu chenji. Hakuna aliyekufa. Mkirusha dakika tano hizo mtakuwa mmewafanyia watu wa Kamenge jambo ambalo semina nyingi hazijaliweza.

Wala si hospitali tu. David Niyonzima, mchungaji wa Kanisa la Marafiki, ambaye mwaka 1993 wanafunzi wake waliuawa naye akanusurika kwa kujificha, alianzisha THARS, shirika linalofundisha watu kuwasikiliza wenye majeraha ya moyo. Kuna pia zile warsha za siku tatu za HROC za kuponya majeraha ya moyo, zilizoanza mwaka 2003 hapa na Rwanda, ambamo watu wa pande mbili huketi chumba kimoja. Siku moja kati ya hizo mtu hufungwa macho kwa kitambaa na mwenzake humshika mkono na kumtembeza nje, kwenye mawe, kwenye ngazi, kati ya miti, kisha wanabadilishana. Mwenye macho yaliyofungwa anaweza kuwa mjane, na anayemshika mkono anatoka upande wa waliomuua mumewe. Ninyi ni watu wa maigizo. Sihitaji kuwaeleza kuna nini ndani ya matembezi hayo. Na sasa wawekeni wawili waliooana, mume amefungwa macho na mke anaongoza, na mume hajui ngazi ni mbili au tatu.

Mtasema nawaomba tamthilia isiyo na msisimko. Sikubali. Watu wangu wa benchi walinyamaza kabisa siku moja kwa jambo dogo sana, katika mchezo mmoja wa Kirundi: mke alimuuliza mume, "Unataka taa iwake au izimwe?" Mume akafikiri muda mrefu. Vijana wale wa utani nao walingoja jibu. Cherehani yangu ndiyo iliyokuwa inapiga kelele peke yake, nikaisimamisha.

Kwa hiyo maombi yangu ni ya kiutendaji tu. Simu zifungeni kwa kipindi cha namna hiyo. Acheni wiki ipite, watu walale nayo. Maoni yatafuteni kwa vikundi vidogo vinavyotazama pamoja tangu sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, siyo kwa yule aliyedaka kipande kimoja akiwa baa. Centre Jeunes Kamenge ina kumbi, na ina historia. Wakati mitaa inachinjana, vijana wa Buterere, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kinama na Ngagara waliendelea kukutana pale, na mwaka 2002 kituo kikapewa tuzo ya Right Livelihood kwa ajili hiyo. Wenye kituo hawatawafukuza. Wanawake wakae peke yao siku moja, wanaume siku nyingine, ndipo mwalike wote. Mkae kimya. Mtu akisema "amwache", muulizeni yeye angekwenda wapi. Muswada ukiwa tayari, usomeni mbele ya muuguzi mmoja wa magonjwa ya akili kabla hamjaupeleka kwa mfadhili, mumlipe kwa kazi hiyo. Na mkisikia sehemu fulani haikupigiwa simu hata moja, msiikate kwa haraka. Huenda ndiyo iliyowagusa.

Mkitaka kuja Kamenge wenyewe, msije Jumamosi mchana. Watu wametoka kazi za jamii, mishikaki iko motoni, bia za Primus ziko mezani. Mtakusanya kelele mjaze mfuko. Njooni siku ya kazi baada ya saa tisa, hasa mwezi wa Agosti kabla shule hazijafunguliwa, wakati akina mama wamejaa wanasubiri sare. Maikrofoni iacheni kwenye gari. Na leteni japo suruali moja ya kupunguza, mkae kwenye benchi kama wateja wengine, bei nitawafanyia ya mtaani.

Wenu,
Fundi cherehani, Kamenge